Mafaili Membamba

Hospitalini walimwita Bi Kabati, naye hakuchukia. Jina hilo alipewa na manesi katika mwaka wake wa tano kwenye chumba cha mafaili, siku daktari mmoja alipoingia akihema, anatafuta faili la mgonjwa wa zamani ambaye hakuna aliyekumbuka hata namba yake. Bi Kabati hakubabaika. "Yule mwenye kidole cha sita?" aliuliza. Akapanda ngazi ya mbao, akachomoa faili kwa vidole viwili kama anayetoa mwiba, akalipigapiga vumbi na kulikabidhi. Tangu hapo, mtu akipoteza kitu pale hospitalini, hata miwani, aliambiwa akaulize kwa Bi Kabati.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, chenye rafu za chuma hadi darini, taa mbili ambazo moja iliwaka ilipojisikia, na dirisha dogo ambalo wagonjwa walipitishia kadi zao. Mafaili ya wagonjwa wa kliniki, maelfu kwa maelfu, yalijaa rafu za ndani. Ya wodi ya kusafishia damu, ya wagonjwa ambao figo zao zimekufa, yaliwekwa peke yake, kwenye rafu ya karibu na mlango, kwa sababu yaliitwa kila siku. Hayo yalikuwa manene kama matofali, yamefungwa kamba, pembe zimenyofoka.

Kazi yake ilikuwa kuyatoa na kuyarudisha. Kuyasoma haikuwa kazi yake, lakini aliyasoma. Alikuwa ametaka kuwa nesi. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wake saba, na ndoto ya unesi akaikunja akaiweka kando, akatafuta kibarua. Alimlea mdogo wake kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukihangaikia chakula. Kwa hiyo alipopata kazi ya mafaili aliona kama aliyenyimwa mlango akapewa dirisha. Mchana kukiwa kimya alikaa kwenye ngazi na faili mapajani, akifuata maandishi ya madaktari mstari kwa mstari, mpaka akawa anasoma mwandiko ambao hata wauza dawa waliukimbia. "Sikusomea udaktari," alipenda kusema, "lakini udaktari umenipitia mikononi."

Mdogo wake alikuwa kinyozi, na wateja walimwita Spika. Duka lake lilikuwa na viti viwili, kioo kimoja kirefu na mabishano yasiyoisha. Wazee wakianza kugombana juu ya siasa au mpira, Spika alizima mashine, akapiga taulo kwenye mgongo wa kiti, akatangaza, "Waheshimiwa, mmoja mmoja!" Watu walikuja kunyolewa hata nywele zisipokuwepo. Mke wake alisuka nywele za akina mama kwenye chumba cha pili, na mlango uliokuwa kati yao haukufungwa kamwe, maana naye alikuwa na la kuchangia.

Spika alikuwa na miaka arobaini na miwili alipokwenda kung'oa jino. Daktari wa meno alimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, akatazama, akapima tena mkono wa pili. Mia na tisini juu ya mia na kumi na tano.

"Jino lako linaweza kusubiri," daktari alimwambia. "Hii haisubiri."

"Mimi sina presha," Spika alicheka. "Presha ni ya watu wenye mawazo. Mimi mawazo yangu nawaachia wateja."

Hata hivyo alikwenda kliniki. Huko alikuta daktari mwanamke, mpole, mwenye sauti ya chini, aliyemwandikia vidonge vya aina mbili. Alimweleza kwamba kimoja, mbali ya kushusha presha, kingemlindia figo, kwa sababu presha kubwa huzitafuna figo polepole bila mtu kuhisi. Akampima damu siku ile, na akamtaka arudi baada ya wiki mbili kupimwa tena.

Spika alirudi. Na majibu yaliporudi, yalipitia mikononi mwa dada yake.

Ili ueleweke moyo wake siku ile, lazima usikie habari za fundi redio. Alikuwa jirani yao tangu utotoni, mtu aliyekunywa dawa za presha miaka mingi, kisha figo zikamfeli ghafla, akasafishwa damu miezi mitano, akafa. Msibani kila aliyekaa kwenye kiti alisema neno lile lile: zile dawa ndizo zilizommaliza. Bi Kabati hakuwa mtu wa kumeza maneno ya msibani hivihivi. Alirudi kazini, akashusha mafaili yote ya rafu ya mlangoni, moja baada ya jingine, kwa wiki nzima. Yalikuwa arobaini na matatu. Katika arobaini na moja alikuta dawa za presha.

Alikaa chini kwenye sakafu. Hakuhitaji tena kuambiwa na mtu.

Sasa hapa mbele yake kulikuwa na faili jipya, jembamba, lenye jina la mtoto aliyemlea. Namba ya figo, ile ambayo ikipanda ni dalili mbaya, kabla ya dawa: mia na nne. Baada ya wiki mbili za dawa: mia na ishirini na moja. Na chini yake, kwa mwandiko wa yule daktari mpole: *Imepanda kidogo, inatarajiwa. Aendelee. Apimwe tena baada ya mwezi.*

"Imepanda," alijisemea kwa sauti, "halafu aendelee?"

Mchana uleule aliomba ruhusa akaenda dukani kwa mdogo wake. Alikuta mteja kitini, nusu kichwa kimenyolewa.

"Zima mashine," alisema.

"Dada, mteja huyu atatoka nusu mheshimiwa."

"Zima, nakwambia. Vile vidonge umevimeza leo?"

"Nimevimeza. Kwani vipi?"

"Usivimeze tena. Vinakula figo. Nimeona majibu yako kwa macho yangu, namba imeshapanda, na ni wiki mbili tu."

Mkewe alitoka chumba cha pili, kitana mkononi. Alikuwa mwanamke asiyependa kupaza sauti. "Wifi," alisema, "si daktari ndiye aliyemwandikia? Kama namba imepanda, twende tukamuulize yeye."

"Umeona wapi muuza samaki akakwambia samaki wake wameoza? Daktari anamwona dakika tano. Mimi nawaona wote, mpaka mwisho wao."

"Lakini presha yake ilikuwa juu, wifi. Mia na tisini."

"Presha inashuka kwa kupunguza chumvi na kulala mapema. Figo ikifa haifufuki. Wewe unasuka nywele, mama, na unasuka vizuri. Haya mengine niachie mimi."

Mteja alijitia kusoma tangazo ukutani. Mkewe Spika aliangalia kitana chake, kisha akamwangalia mumewe, akisubiri aseme neno. Spika naye alikuwa na kikohozi. Tangu aanze vidonge alikuwa anakohoa kikohozi kikavu kilichomkatiza katikati ya hotuba zake, na jambo hilo lilimuudhi kuliko presha yenyewe. Alimwangalia dada yake, ambaye hakuwahi kumpotosha hata siku moja maishani.

"Dada yangu yuko hospitali miaka yote hiyo," alimwambia mkewe. "Akisema, amesema."

Baada ya wiki mbili kikohozi kikatoweka. Spika alimsifu dada yake kwa kila aliyeketi kitini. Bi Kabati alisikia sifa hizo, na hatudanganyani, zilimpendeza.

Tarehe za kliniki zilifika, Spika hakuonekana. Kitabu cha miadi kilikuwa juu ya meza ya Bi Kabati, na ni yeye aliyeandika mbele ya jina la mdogo wake: *hakufika*. Akaandika mara ya pili, na ya tatu. Utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa asiyefika mwaka mzima, faili lake linapelekwa rafu ya nyuma kabisa. Alilipeleka mwenyewe. Aliliweka na roho nyeupe kabisa, kama mama aliyemwondoa mtoto karibu na moto.

Miaka mitano ilipita. Maradhi haya hayabishi hodi. Spika aliendelea kunyoa, kubishana na kucheka. Alianza kuumwa kichwa asubuhi, akawa anatafuna vidonge vya maumivu vya dukani kama karanga. Baadaye miguu ikaanza kuvimba, alama za soksi zikabaki kwenye ngozi mpaka kesho yake. Mkewe aliona pia kwamba mkojo wake unatoa povu kama maji ya sabuni. Ndipo akafunga chumba chake cha kusukia, akaja mpaka dirisha la mafaili, akapanga foleni na wagonjwa wengine.

"Wifi, mume wangu miguu inavimba."

"Kazi ya kusimama hiyo," Bi Kabati alimjibu, mkono tayari unapokea kadi ya mtu aliyefuata. "Mnunulie viatu vipana."

"Na mkojo una povu."

"Anywe maji mengi. Wifi, foleni hii yote yangu. Nitapita nyumbani Jumapili."

Jumapili alipita. Spika alimpokea kwa vicheko, akamwambia mkewe ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Wakazungumza mengine. Maneno yale mawili ya dirishani, viatu vipana, Bi Kabati alikuja kuyasikia kichwani mwake siku nyingi sana baadaye, akiwa anafagia, akiwa anaoga, akiwa kitandani hana usingizi.

Siku jambo lilipofichuka, Spika alikuwa anamnyoa mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka yote. Alimkata sikio. Halikuwa jeraha kubwa, lakini Spika hakuwa amemkata mtu tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Mwalimu alishika sikio, akageuka kumtania, akamkuta ameegemea kioo.

"Mwalimu, samahani," Spika alisema. "Nakuona wawili, na wote mna ukungu."

Walimkalisha kwenye kiti cha wateja, mkewe akamvua aproni, mwalimu mwenye sikio linalotoka damu akaita gari.

Presha ilikuwa mia mbili na thelathini. Namba ya figo, ambayo miaka mitano nyuma ilikuwa mia na ishirini na moja, sasa ilikuwa elfu moja na mia moja na arobaini. Kipimo cha picha kilionyesha figo mbili zilizosinyaa, ndogo kama za mtoto.

Bi Kabati alipata habari kwa njia ya kazi. Karatasi ililetwa dirishani, faili linatakiwa wodini haraka. Alisoma jina, akalisoma tena. Akatembea hadi rafu ya nyuma kabisa, akalikuta pale pale alipoliweka. Ndani mlikuwa na karatasi nne tu.

Wiki ya tatu faili lile lilirudi kwake, likiwa na mhuri mwekundu wa wodi ya kusafishia damu, na maagizo kwamba liwekwe rafu ya mlangoni. Alisimama nalo. Vidole vilivyojua kila nafasi ya chumba kile vilishindwa kulisukuma ndani.

Siku ileile alimfuata daktari, yule yule mpole, ambaye nywele zake sasa zilikuwa zimeanza kuota mvi. Alimkuta ofisini anakunywa chai iliyopoa.

"Daktari, nataka kuuliza kitu, na unijibu bila kunionea haya. Dawa za presha zinalinda figo au zinaziua?"

"Zinalinda, mama. Kwa nini unauliza?"

"Namba ya mdogo wangu ilipanda baada ya dawa. Niliiona. Mia na nne ikaja mia na ishirini na moja."

Daktari aliweka kikombe chini. "Figo ni chujio. Damu ikija na nguvu nyingi mno, chujio linafanya kazi kwa kasi, kwenye karatasi unaona namba nzuri, lakini linachakaa. Kile kidonge kinapunguza ule msukumo. Mwanzoni namba inapanda kidogo, halafu inatulia. Ingepanda sana ningesimamisha dawa mwenyewe, ndiyo maana nilitaka nimpime tena. Hakurudi. Nilidhani amehama mji."

"Na kikohozi?"

"Hicho kweli ni cha dawa. Angekuja ningembadilishia siku hiyohiyo."

"Rafu yangu ya mlangoni ilikuwa na watu arobaini na watatu. Arobaini na mmoja walikuwa na dawa za presha. Nilizihesabu."

Daktari hakucheka wala hakukasirika, na labda ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Wengi wao, mama, waliandikiwa dawa hizo wakati figo zimeshaharibika. Wengine waliandikiwa mapema na hawakuzinywa. Ukienda kwenye kila nyumba iliyoungua utawakuta wazima moto. Ndio waliochoma?"

"Na fundi redio? Yule jirani yetu?"

"Yule namkumbuka. Alishikwa na kuhara siku nne, mwili ukakauka, na akaendelea kunywa dawa zake na vidonge vya maumivu juu yake. Mtu akikauka namna ile, baadhi ya dawa hizi zinatakiwa zisimame kwa muda, mpaka apone. Hakuna aliyemwambia. Dawa si malaika, mama. Ila yeye alikuwa mmoja. Wewe umeangalia waliofika mlangoni kwako. Waliokunywa dawa na hawakufika, umewaangalia?"

Swali hilo alitoka nalo. Mchana, wagonjwa wa kliniki walipokwisha, alifunga kidirisha, akaingia rafu za ndani ambazo kwa miaka yote hakuwa na sababu ya kuzisoma. Nani asome habari za mtu ambaye hakupatwa na kitu? Akaanza kushusha mafaili membamba. Mwanamume, miaka kumi na minane ya dawa, namba ya figo mia na tisa, ikapanda mia na ishirini na tano, ikabaki hapo. Mwanamke, miaka kumi na mmoja, haijasogea. Mwingine, miaka ishirini na miwili. Huyo alimjua. Ni yule bibi mwenye mkoba wa kijani aliyekuja dirishani kila mwezi, akamsalimia, akauliza habari za watoto ambao Bi Kabati hakuwa nao, akaondoka na miguu yake. Alishusha mafaili mpaka mikono ikawa na vumbi hadi viwiko. Yalikuwa mamia. Watu waliokuwa wanazeeka taratibu, bila hadithi yoyote.

Alilia akiwa kwenye ngazi, kilio cha kubana pumzi, kwa sababu nje ya mlango walikuwa wanapita watu.

Spika alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kwanza walimwekea mpira shingoni, baadaye wakamtengenezea mshipa mnene mkononi wa kuchomea sindano, mkono uleule alioshikia mashine ya kunyolea. Alikaa kitini saa nne nzima, mashine inavuma kando yake, na hata huko aliendesha bunge na wagonjwa wa kulia na kushoto. Lakini hotuba zake zilifupika. Alinyimwa maji, maana figo hazikuweza tena kuyatoa, akapewa kikombe kidogo cha kutosha siku nzima, na mtu aliyezoea kuzungumza kuanzia asubuhi mpaka jioni akawa na midomo mikavu.

Bi Kabati alikaa naye kila siku ya zamu yake ya kusafishwa. Wiki ya tano ndipo alipopata ujasiri.

"Mdogo wangu, nimekuua."

Spika alifumbua jicho moja. "Mbona naongea?"

"Usifanye mzaha. Nilimuuliza daktari. Dawa zile zilikuwa za kukulinda. Mimi ndiye niliyekuachisha. Mke wako alisema tukaulize, nikamfunga mdomo mbele ya watu."

Spika alitazama damu yake inavyozunguka kwenye mipira. "Najua," alisema hatimaye. "Daktari aliniambia wiki ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Dada, sikiliza. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia niache. Kikohozi kilinichosha, na kumeza dawa wakati huumwi ni kama kulipa faini bila kosa. Ungekuwa umeniambia niendelee, ningeendelea kwa kunung'unika. Uliponiambia niache nilifurahi. Sikukuuliza hata swali moja, mimi ninayebishana na kila mtu."

"Uliniamini."

"Nilikuamini," alikubali, na hakuongeza neno la kulipunguza hilo.

Ndipo Bi Kabati alipoamua kutoa figo yake. Hakumshauri mtu. Alikwenda kwa daktari akasema wampime, watoe moja, hata leo. Walimpima damu, wakampima mkojo, mwishowe nesi akamfunga mkono kwa kitambaa kile. Nesi alitazama, akavuta kiti, akamwambia apumzike kidogo. Akapima tena. Mia na sabini na nane juu ya mia na nne.

Na mkojo wake ulikuwa na protini. Figo zake zenyewe zilikuwa zimeshaanza kuguswa. Miaka ishirini na sita alikuwa hospitalini, hatua thelathini kutoka chumba cha kupimia, na hakuwahi kunyoosha mkono.

"Huwezi kutoa, mama," daktari alimwambia. "Unazihitaji zote mbili." Akamwandikia vidonge. Bi Kabati aliusoma ule mwandiko kabla karatasi haijageuzwa. Kilikuwa kidonge kilekile.

Alipomweleza Spika, mdogo wake alicheka mpaka nesi akaja kuangalia mashine. "Kinyozi hajinyoi!" alisema. "Dada, sisi ukoo wetu tumelaaniwa kwa vichwa vigumu." Kisha akaacha kucheka. "Vimeze hapa. Nikuone."

Alivimeza mbele yake, kwa maji ambayo yeye Spika asingeweza kunywa. Alihisi kama anakula chakula cha mtu mwingine.

Binamu yao mmoja wa upande wa mama alijitolea kupimwa ili atoe figo, damu haikuoana. Wengine walipimwa, ikawa hivyohivyo. Spika aliishi kwa mashine miaka miwili na miezi mitatu. Alifariki asubuhi ya siku ambayo hakuwa na zamu, akiwa amekaa mlangoni kwa duka lake, ambalo sasa alikuwa amemkodishia kinyozi mwingine. Moyo ulisimama tu. Wateja walisema alikuwa ameinua kidole kuomba nafasi ya kusema.

Baada ya msiba mke wake hakuja tena kwa wifi yake. Hakumtukana, hakumsema kwa watu. Wakikutana njiani alimsalimia, akaulizia afya yake, akapita. Bi Kabati angependelea matusi. Mara mbili alikwenda kwake kuomba msamaha, na mara zote mbili alikaribishwa kiti na chai, na mwenyeji akaendelea kusuka, kichwa cha mteja katikati yao, mpaka ikawa haiwezekani kusema chochote.

Mwaka wa pili, siku moja ya Jumamosi, wifi huyo alibisha mlango wa Bi Kabati mwenyewe. Alikuwa na binti yake, mwalimu wa watoto wadogo, mwenye miaka ishirini na minane. Binti alisimama nyuma ya mama yake na mkoba kifuani.

"Sikuja kukusamehe," mama alisema kabla hajakaa. "Hilo bado liko njiani, na sijui litafika lini. Mtoto amepimwa shuleni kwao, ana presha. Ameandikiwa dawa na hataki kunywa. Anasema baba yake alikuwa mzima mpaka alipopewa dawa za hospitali."

Bi Kabati alimwangalia binti. "Nani aliyekwambia hivyo?"

"Watu, Shangazi. Si ndiyo ilivyokuwa?"

"Mimi nikimweleza," mama alisema, "atadhani nasema kwa hasira. Mwambie wewe. Mwambie yote."

Angeweza kusema nusu. Angeweza kusema kwamba baba aliacha dawa, kama watu wengi wanavyoacha, na hapo angekoma, na dawa zingenywewa, na mtoto wa mdogo wake angeendelea kumpenda. Wifi yake alimtazama usoni, akimwacha achague.

Bi Kabati alisema yote. Alieleza habari za fundi redio, za mafaili arobaini na matatu, za namba mia na ishirini na moja. Alirudia maneno aliyomwambia mama yake binti mbele ya mteja. Alisema alivyoandika *hakufika* mara tatu kwa kalamu yake. Alipofika kwenye viatu vipana sauti ilikatika, akangoja, akaendelea. Alimweleza pia kwamba dawa hizi zina masharti yake, kwamba apimwe damu anapoambiwa, na akishikwa na kutapika au kuhara aulize haraka kabla ya kuendelea. Wifi yake hakumsaidia hata neno moja, wala hakumkatiza.

Alipomaliza, binti alikaa muda mrefu akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Na bado alikuwa ananiita nikuletee chakula kizuri ukija." Binti alisimama. "Shangazi, leo sina cha kukwambia. Usinikasirikie."

"Sikukasirikii, mwanangu."

Waliondoka bila kunywa kitu. Mlangoni wifi aligeuka, akamuuliza kama naye anameza zake. Bi Kabati akasema anameza kila asubuhi. Wifi akatikisa kichwa kukubali, akamshika binti yake mkono, wakashuka ngazi.

Binti alianza dawa Jumatatu iliyofuata, na mpaka sasa anaendelea nazo, figo zake nzima. Shangazi yake humpigia simu siku za sikukuu. Mazungumzo yao ni mafupi na ya heshima, na mara nyingi ni binti anayeaga kwanza.